Dogo, hilo desa la majibu usilinunue

Umeandika hapa kwamba zimebaki wiki kumi uingie mtihani wa Hesabu wa kidato cha nne, mwalimu wa tuisheni anauza desa, yaani kitini cha pasti pepa (mitihani iliyopita) za miaka kumi zenye majibu, na wewe umepanga kupitia pepa moja kila usiku kitandani. Nimesoma hapo nikaacha chakula. Hivyo hivyo ndivyo nilivyofanya mimi 2019, nikapata F.

Neno "kupitia" ndilo lililoniponza. Nilikuwa napitia kweli! Nasoma swali, nasoma jibu, kila mstari naitikia kwa kichwa: hapa kahamisha, hapa kagawanya, sawa. Hadi Oktoba nilikuwa nimelimaliza desa lote mara mbili, na daftari la mazoezi bado jeupe. Nikaona nimeiva.

Chukua yale maswali ya linia programu, ya mkulima mwenye shamba na mtaji anayetafuta faida kubwa. Kwenye desa mstari wa kwanza unakuta x ni ekari za mahindi, y ni ekari za maharage, na chini yake alama za kubwa-kuliko na ndogo-kuliko zimeshapangwa. Kinachobaki ni kuchora grafu na kuchomeka namba za kwenye kona za eneo ulilochora. Mimi nilikuwa bingwa wa kuanzia hapo. Chumba cha mtihani hakikupi mistari hiyo, unapewa maelezo tu, tena ya Kiingereza, uitoe mwenyewe. Ukiambiwa eneo la maharage lisipungue mara mbili ya eneo la mahindi, unaandika nini? Mimi nilikuwa naandika 2y ≥ x bila wasiwasi. Sasa jaribu mahindi ekari 10, maharage 5: mbili mara tano ni kumi, inakubali! Maharage ni nusu ya mahindi na hesabu yangu inasema sawa. Sahihi ni y ≥ 2x. Ukikosea hapo grafu yote imeenda, kona zimeenda, faida imeenda. Na huo mstari ndio jicho linauruka haraka kuliko yote, kwa sababu umeandikwa kifupi.

Aliyeniuzia mimi alituambia maswali yanajirudia, zinabadilika namba tu. Tulikuwa tunajazana watu sitini chumba kimoja, elfu mbili kila mtu kwa siku, yeye anakokotoa ubaoni sisi tunanakili. Hata siku moja hakunyamaza dakika kumi atuache tuhangaike wenyewe. Ile ilikuwa pesa ya vitumbua vya mama yangu, na hasira naye ninayo mpaka leo. Mtu anayefundisha kila mwaka anajua kabisa kwamba kunakili si kufanya.

Umeuliza uache mada gani. Usiache. Pepa yangu ilikuwa maswali 14 kwa saa tatu, kumi ya alama 6 na manne ya alama 10, yote ya lazima, na njia lazima uionyeshe.

Niliporudia 2020 nilishika jambo moja tu: siangalii jibu kabla sijaandika mstari wangu wa kwanza, hata kama ni wa ovyo. Nilikuwa nafunika majibu na bahasha ya kaki. Nikikwama nakaa dakika kumi, ndipo nafunua mstari mmoja, nafunika tena. Swali nililokosa nalirudia baada ya siku nne kwenye karatasi tupu. Jumamosi nakaa saa tatu kamili na pepa nzima, simu iko kwa mama, maana kalkuleta ilikuwa hairuhusiwi, tulikuwa na kitabu cha majedwali tu. Logi ya 0.04 ni 2 yenye mstari juu (yaani hiyo 2 ni hasi), nukta 6021. Mara ya kwanza kuitafuta isiwe siku ya mtihani. Nilipata C, na niliihangaikia kila alama.

Kuhusu ratiba na yale ya Fizikia uliyouliza, wengine watakujibu. Wewe leo usiku toa pepa moja tu, isiyo na majibu, uanze na swali la 14. Piga picha ulipokwama uiweke hapa. Kesho nikitoka kazini nitaitazama.