Ukipata Filimbi ya Kale ya Kuitia Bata, Usiikimbilie na Msasa

Wiki iliyopita msomaji mmoja anayeishi Iowa, Marekani, aliniandikia kwamba alinunua sanduku la zana za kuvulia samaki katika mauzo ya vitu vya marehemu, na chini ya ndoana na nyuzi akakuta filimbi nyeusi yenye maandishi ya P. S. Olt, Pekin, Ill. Aliniuliza mambo matatu: ni ya zamani kiasi gani, aisafishe kwa kitu gani, na kama inafaa aiuze. Nilimjibu siku ile ile kwa sentensi moja tu, kwamba asiiguse kwa maji wala sabuni mpaka nitakapoandika makala hii, kwa sababu hilo swali la pili ndilo lililoharibu filimbi nyingi nzuri nilizopata kuziona.

Kwa dada huyo, na kwa wengine ambao najua mnatamani kuwa na kabati la filimbi kama hizi, nianze na kile alichonacho mkononi. Philip Sanford Olt alianza kutengeneza filimbi za kuitia ndege huko Pekin, mji ulio kando ya mto Illinois, mwaka 1904, na kazi yake iliyojulikana kuliko zote ni ile iitwayo D-2, iliyotengenezwa kwa mpira mgumu badala ya mbao. Ina bomba la kupulizia, na ndani ya bomba hilo kinaingia kizibo chenye ubao wa sauti uliopinda kidogo, na juu ya ubao huo umelala ulimi mwembamba ulionyooka. Mwindaji anapopuliza, ulimi hutetemeka juu ya ubao na kutoa sauti ya bata mwitu jike, kazi ile ile ambayo ulimi wa zumari hufanya kwa mpiga zumari wa pwani yetu. Mpira mgumu haukuvimba kwa unyevu kama mbao, na ndiyo maana filimbi aliyotoka nayo alfajiri kwenye maji ya baridi kali iliendelea kulia vizuri hadi jua lilipopanda.

Mpira huo una siri ambayo kila mkusanyaji anapaswa kuijua kabla hajanunua chochote. Ndani yake mna kiberiti, yaani salfa, na ukikaa miaka mingi kwenye mwanga, weusi wake hubadilika ukawa kahawia au kijani iliyofifia. Usugue kwa kidole gumba mpaka upate joto kidogo kisha unuse, utasikia harufu ya kiberiti. Plastiki ya baadaye haina harufu hiyo. Maji ya moto huharakisha kubadilika huko kwa muda mfupi mno. Mtu huitumbukiza filimbi nyeusi kwenye bakuli la maji ya moto na sabuni, akaitoa ikiwa na rangi ya majani makavu, na hakuna dawa itakayomrudishia weusi ule bila kukwangua ngozi ya juu pamoja na maandishi. Kwa hiyo iache ilivyo. Vumbi lifutwe kwa kitambaa kikavu cha pamba, basi.

Kuhusu umri, mwanzoni usiitazame filimbi bali litazame sanduku lake la karatasi, kama limesalia. Anwani yenye namba ya posta ya tarakimu tano ni ya mwaka 1963 au baadaye, kwa kuwa mfumo huo ulianza Marekani mwaka huo. Namba ya hataza, yaani hati ya serikali inayolinda haki ya mvumbuzi, au tarehe yake iliyochapwa kwenye kifaa chochote inakuambia tu kwamba hakikutengenezwa kabla ya hapo. Haikuambii kwamba kilitengenezwa mwaka huo, na wauzaji wanaosoma tarehe hiyo kama tarehe ya kuzaliwa wanakuuzia ndoto. Katika D-2 yenyewe, vua kizibo taratibu na utazame njia ya hewa: zile za mwanzo ambazo wakusanyaji wanazipenda zaidi zina njia yenye umbo la tundu la ufunguo, na zilizofuata zina tundu la duara.

Mimi niliingia katika mambo haya kupitia mbao, wala si mpira. Nilizaliwa Tanga nikiwa mtoto wa fundi seremala, na nilipohamia Illinois nilipata kazi katika karakana ya samani ambako mzee mmoja, mwindaji tangu utotoni, alikuwa na desturi ya kuleta filimbi zake wakati wa mapumziko ya mchana. Wengine walizicheka. Mimi nilizishika kwa namna nilivyofundishwa na baba kushika kazi ya mtu mwingine, nikaona mahali patasi ilipoanzia na mahali mkono ulipochoka. Mzee alitambua kwamba naangalia kweli, na tangu hapo akawa ananifundisha. Alinifundisha kwamba filimbi husema kwao kabla hujalisoma jina la fundi, na kwamba mafundi wengi wa zamani hawakuandika majina yao kabisa.

Filimbi za Ziwa Reelfoot huko Tennessee, ziwa lililotokana na matetemeko makubwa ya ardhi ya 1811 na 1812, zina ulimi wa chuma au shaba uliopindwa, ubao wa sauti ulio bapa, na kabari ya mbao inayoushikilia ulimi mahali pake. Jina linalotajwa kwanza huko ni la Victor Glodo. Za Louisiana mara nyingi bomba lake ni la matete. Za Arkansas zilifuata kwa sehemu kubwa mpango wa Olt, kizibo kimoja chenye ubao uliopinda na ulimi ulionyooka. Elam Fisher wa Detroit naye alipata hataza mwaka 1870 ya kifaa kidogo cha vipande viwili vya mbao vilivyopinda na ulimi wa chuma katikati, kifaa kilichomfinya ulimi wake mwenyewe kila aliyekipuliza vibaya.

Ziko sababu za haya yote kuongezeka, na ukizijua utaelewa kwa nini filimbi za miaka fulani zimejaa na za miaka mingine ni adimu. Zamani wawindaji wa biashara waliua bata kwa maelfu na kuwapeleka katika masoko ya mijini, mpaka sheria ya ndege wanaohama ya 1918 ilipofunga biashara hiyo. Wawindaji waliobaki waliwatumia bata hai waliofungwa kwa kamba ili wawaite wenzao, na mwaka 1935 serikali ikapiga marufuku hata hilo. Kuanzia hapo aliyetaka bata washuke ilimbidi awaite mwenyewe. Mwaka uliofuata mji wa Stuttgart huko Arkansas ulianzisha mashindano ya kuita bata ambayo yanaendelea mpaka leo, na mafundi wa vijijini wakawa na wateja ambao hawakuwahi kuwaota.

Mzee yule alinipa filimbi ya mwerezi mwekundu ambayo baba yake aliitumia Reelfoot. Haikuwa na jina. Bomba lilikuwa limechorwa miraba midogo kwa ncha ya kisu, na miraba ya upande wa kushoto ilikuwa imelainika mahali kidole gumba kilipokuwa kikikaa. Kwenye mdomo wake palikuwa na alama nne za meno, mbili juu na mbili chini, kwa sababu mikono ilipokuwa imeshika bunduki filimbi ilishikwa kwa meno. Chini kidogo palikuwa na mfuo wenye rangi hafifu kuliko sehemu nyingine, mahali kamba ya shingoni ilipofungwa. Mzee aliniambia jambo moja tu alipokuwa akinikabidhi: “Meno hayo ni ya baba, usiyaondoe.”

Baada ya mzee kufariki, kikundi kimoja cha wawindaji wa eneo letu kilikuwa kinaandaa maonyesho, wakaniomba niwaazime. Niliona fahari kwamba mtu wa Tanga ndiye aliyekuwa na kitu ambacho watoto wa mto ule hawakuwa nacho. Niliwapa pamoja na maelezo ya maandishi. Ilirudi ikiwa inang'aa kama kiti kipya. Mmoja wao, kwa nia njema kama walivyonieleza, alikuwa ameipiga msasa na kuipaka vanishi ili ipendeze chini ya taa. Alama za meno hazikuwepo, mfuo wa kamba ulikuwa umepotea, na miraba ilikuwa imejaa vanishi kama mitaro iliyoziba. Waliambatanisha barua ya shukrani. Nimewasamehe kwa mdomo, lakini siwezi kusema kwamba jambo hilo limeniisha moyoni, na kila ninapofungua droo ile bado linaniuma.

Ndiyo maana nasema kwa nguvu, na nitaendelea kusema hata kama mmechoka kunisikia: iache ilivyo. Jasho lililoifanya mbao kuwa nyeusi, kutu ya kijani pembeni ya ulimi wa shaba, alama ya jino, herufi za penseli chini ya kabari, hivyo ndivyo vitu tunavyokusanya. Mbao iliyokerezwa vizuri unaweza kuikereza kesho, na mafundi hodari wapo mpaka leo. Anayetaka kung'arisha na anunue filimbi mpya aing'arishe apendavyo. Mwenye kupewa kitu cha wazee ni mlinzi wake kwa muda tu, na mlinzi habadilishi mali aliyopewa kulinda kwa sababu hapendi rangi yake. Usiipulize mara kwa mara kuwaonyesha wageni, maana mate hukivimbisha kizibo na kizibo kikivimba hulipasua bomba. Usiiweke karibu na mashine ya kupasha joto nyumba wakati wa baridi. Mwerezi hupasuka kwa ukavu bila kukupa taarifa.

Jambo jingine ambalo litakuokoa kwenye minada ni kukagua kama bomba na kizibo vimeishi pamoja. Vizibo hupotea, na wapo wanaookota kizibo cha filimbi nyingine wakakiingiza kwenye bomba lenye jina kubwa. Chukua lenzi. Kizibo kilichokaa mahali pake kwa miongo kadhaa huacha duara ndani ya bomba, na sehemu yake iliyofichika huwa na rangi hafifu inayoishia pale pale bomba linapoishia. Mistari hiyo miwili ikipishana, weka pesa zako mfukoni. Kwa ukaguzi huu nilipata mwezi uliopita kile nilichokitafuta kwa miaka, D-2 yenye njia ya tundu la ufunguo na mwili mweusi tititi, kwenye meza ambayo wanunuzi wenye majina walikwishaipitia asubuhi wakiwa na haraka ya kutafuta mbao zilizotiwa saini.

Visanduku vya kuitia bata mzinga vinahitaji makala yake, kwa hiyo nitagusa tu. Henry C. Gibson wa Dardanelle, Arkansas, alipata hataza ya kisanduku chenye kifuniko kinachosuguliwa tarehe 5 Januari 1897, na vyenye jina lake ni vya kuheshimiwa. Vya fundi mwingine, M. L. Lynch, ni vingi. Vyenye anwani ya Alabama ni vya zamani kuliko vyenye Liberty, Mississippi. Chaki iliyogandamana chini ya kifuniko, nayo iache.

Sasa dada wa Iowa, kuhusu kuuza. D-2 zilitengenezwa kwa wingi na kwa miaka mingi, kwa hiyo iliyo ya kawaida haina bei kubwa, na mtu akikuahidi utajiri usimwamini. Vua kizibo, piga picha za njia ya hewa, za ulimi kwa juu na kwa ubavu, na za maandishi, ukiwa karibu na dirisha lakini si kwenye jua kali. Rudi kwa familia iliyouza vitu vile uulize jina la mwindaji na maji aliyowindia, uandike kwenye kadi itakayokaa na filimbi daima. Picha hizo wapelekee watu wa Chama cha Watengenezaji na Wakusanyaji wa Filimbi cha Marekani, ambao ni wakarimu kwa anayeuliza kwa adabu, na usikubali bei ya mtu yeyote kabla hawajakujibu. Wakikuambia ni ya tundu la ufunguo na bado ukataka kuiuza, nitumie ujumbe kwanza, nami nitakulipa bei ya haki.