English medium au Kayumba? Nimesomesha kote kote, naomba nikwambie nilichokiona

Wazazi wenzangu, kila ikifika Desemba naulizwa hili swali, mtoto nimpeleke English medium, yaani shule ya msingi ya kulipia inayofundisha kwa Kiingereza, au nimwache tu Kayumba, yaani shule ya msingi ya serikali. Mi nimepitia kote. Binti yangu alianza chekechea English medium akafika la tano, 2020 biashara ikayumba ada ikanishinda nikamhamishia shule ya serikali hapa hapa mtaani Dar, mdogo wake yeye kasoma Kayumba mwanzo mwisho.

Nianze na binti. Siku nampa hesabu za sehemu akasoma swali kwa Kiingereza safi kabisa, mi mwenyewe nikafurahi, nikamuuliza sasa mwanangu hapa wanataka nini? Kimya. Nikachukua mkate mezani nikamwambia nikatie robo tatu, akashika kisu akawa ananiangalia usoni. Na daftari lake limejaa vema tupu! Nilivyombana ndo akaniambia, mama tunanakili ubaoni madam akishamaliza kukokotoa. Yaani ile ada yote nilikuwa nasoma vema za mwalimu mwenyewe.

Basi akahamia serikalini, huko akakutana na darasa la watoto 112 wakati utaratibu wa serikali ni 45 kwa darasa, dawati moja wanabanana wanne, na hesabu ni kwa Kiswahili. LCM alikuwa anaijua lakini akiambiwa tafuta KDS, kigawe kidogo cha shirika, ambayo ni LCM hiyo hiyo, anakodoa macho, ilibidi nikae naye jioni tunaandika upande huu KDS upande huu LCM, KKS (kigawo kikubwa cha shirika) na HCF, mpaka akazoea. Daftari likakaa wiki tatu halijasahihishwa nikaenda shule kwa hasira, mwalimu akanijibu kwa upole sana, "Mzazi, watoto wako 112, na nina vipindi sita leo." Nikaondoka nimenywea. Huyo mwalimu anafundisha vizuri nyie, ubaoni anaelezea mpaka unaelewa, ila hana mikono ya kufikia kila mtoto.

Mdogo wake yalimkuta form one 2025. Huyu la saba alifaulu vizuri, sayansi anaipenda, usanisinuru anakuchorea mmea na mishale ya jua na maji kila kitu. Kufika sekondari masomo yote Kiingereza isipokuwa Kiswahili chenyewe na machache, akarudi nyumbani amenuna anasema biolojia ngumu kuna kitu kinaitwa photosynthesis. Nikamwambia mwanangu, si ndo usanisinuru hiyo hiyo! Alikaa kimya halafu macho yakamjaa machozi, kumbe anajua na alikuwa anajiona mjinga. Hapo ndo dada mtu alipomzidi, yeye lugha haikumsumbua hata siku moja.

Sasa ushauri wangu. Matokeo ya shule usiyabebe kama yalivyo. NECTA wenyewe, baraza la mitihani la taifa, Januari 2023 waliacha kutangaza shule kumi bora, na mi niliwaelewa, maana zipo shule za binafsi mtoto asipofikisha wastani wa shule anakaririshwa au mzazi anaambiwa kiungwana atafute kwingine, wanaobaki mpaka mtihani ni wale wakali tu, hapo utajuaje shule imefundisha nini? Na serikalini ni hivo hivo, sekondari za Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala zinapokea watoto waliochaguliwa kwa ufaulu, ukizilinganisha na shule ya kata inayopokea kila mtoto unakuwa hujaitendea haki shule ya kata.

Kwa hiyo ukienda kutafuta shule usiende siku ya mahafali. Nenda Jumanne saa nne asubuhi, omba daftari la hesabu la mtoto yeyote, siyo lile wanalokuchagulia. Angalia kama kuna makosa na kama yamesahihishwa. Daftari lisilo na kosa hata moja mi sa hivi linanitisha kuliko lenye mikasi. Halafu uliza wale waliofeli mtihani wa la nne mwaka jana wako wapi.

Ukiwa na mtoto Kayumba, elimu bila ada ipo tangu 2016 lakini tenga pesa kidogo ya kamusi na vitabu vya hadithi za Kiingereza, anza la tano usisubiri form one. Ukiwa English medium, kila siku muulize kwa Kiswahili alichosoma, akishindwa kukuelezea ujue hajaelewa bado, hata kama kapata mia.

Mi kwangu Jumapili baada ya chakula cha jioni madaftari yote yanakuja mezani, simu zinawekwa kando na yangu pia. Wiki iliyopita kijana kanielezea osmosis, yaani maji yanavyopenya kwenye utando, kwa kutumia viazi na chumvi, akaniacha mimi ndo nauliza maswali.