Maswali na Majibu: Sista Anayetaka Kugombea

Barua za safari hii zimetoka Tanga na Bagamoyo, na nyingi zinahusu jambo moja: mtawa anayetaka kuingia kwenye siasa.

Mimi ni sista wa nadhiri za daima, nafundisha shule ya msingi huku Korogwe. Wazazi wa wanafunzi wananisukuma nigombee udiwani. Naweza kugombea nikiwa bado shirikani?

Hapana, sista. Kanuni ya 285 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inawakataza makleri, yaani mashemasi, mapadri na maaskofu, kushika vyeo vya umma vyenye mamlaka ya dola, na kanuni ya 672 inawabana watawa kwa katazo hilohilo. Kukwepa chama nako huwezi, maana nchi hii haina mgombea binafsi.

Lakini sikukatishi tamaa. Kata zetu zina kiu ya watu waliozoea kusimamia unga na madawati bila kudokoa, na masista wengi wanao ujuzi huo. Ila toka kwanza. Mwandikie mkuu wa shirika, ueleze sababu nzito ulizozipima mbele ya Mungu. Ataipeleka barua yako pamoja na maoni yake na ya baraza lake: kwa askofu kama shirika ni la haki ya kijimbo, Roma kama ni la haki ya kipapa. Ruhusa ikitolewa, ukajulishwa na usiikatae papo hapo, nadhiri zimeondolewa. Hapo ndipo uchukue kadi ya chama. Arlene Violet, wa Masista wa Huruma huko Rhode Island, Marekani, aliliacha shirika lake, akagombea uanasheria mkuu wa jimbo na akashinda mwaka 1984. Aliwaomba watu kura akiwa raia kama wao.

Jihadhari na hao wanaokusukuma. Wakati wa kura za maoni za chama baadhi yao watakuuliza wajumbe umewaandalia nini. Ukianza kutoa bahasha, ulitoka bure.

Je, nikiomba ruhusa ya kuishi nje ya shirika miaka mitatu, nigombee katika kipindi hicho?

Ruhusa hiyo ipo, kanuni ya 686, lakini anayeipata bado ni mtawa na bado yuko chini ya wakuu wake. Katazo linabaki palepale. Usiombe ruhusa kwa sababu moja ukiwa na nyingine moyoni.

Na viti maalumu?

Bunge ni Bunge, uingie kwa mlango wowote.

Mbona Dk. Slaa alikuwa padri na akawa mbunge?

Swali hili linarudi kila mara, na kila mara muulizaji hajasoma hata historia ya mtu mwenyewe. Wilbrod Slaa alipoingia bungeni kwa jimbo la Karatu mwaka 1995 alikuwa ameshaacha upadri. Anayetafuta mfano wa mambo kwenda mrama amtazame Fernando Lugo wa Paraguay, aliyekuwa askofu: alishinda urais Aprili 2008 wakati Roma haijamwondolea hali ya ukleri, ikamwondolea Julai. Waumini wake waliyumbishwa bila sababu.

Nikishindwa kura, nitapokelewa tena shirikani?

Kanuni ya 690 inamruhusu mkuu wa shirika, kwa ridhaa ya baraza lake, kumpokea tena aliyetoka kihalali, bila kurudia unovisi, yaani malezi ya kabla ya nadhiri. Inamruhusu, haimlazimishi. Kama tayari unawaza kurudi, usitoke.

Binti yangu ametoka utawani baada ya miaka mingi. Hapa Dunda, Bagamoyo, majirani wananinyooshea kidole. Je, adai mshahara wa miaka yote hiyo?

Pole, mama. Kanuni ya 702 inasema anayetoka hawezi kudai malipo ya kazi aliyoifanya shirikani. Lakini kanuni hiyohiyo inalitaka shirika limtendee kwa haki na upendo wa Kiinjili, na hapo ndipo baadhi ya mashirika yanaponikera. Namfahamu dada mmoja aliyetoka na begi moja, nauli na bahasha ya vyeti. Vyeti vina jina la utawa, kitambulisho cha taifa kina jina la kuzaliwa. Alizungushwa ofisi hadi ofisi, eti yeye si yeye. Binti yako amwone wakili mapema, atengeneze hati ya majina kabla hajaomba kazi wala kuchukua fomu. Kama alikuwa ameajiriwa na akakatwa michango ya pensheni, aifuatilie, ni yake.

Majirani waambie ametoka kwa barua, na Jumapili kaa naye benchi la mbele.

Mimi ni Mwislamu wa Makorora, Tanga. Aliyekuwa sista akija kuniomba kura, nimwamini vipi wakati ameshindwa kutunza nadhiri?

Aliyeomba kufunguliwa nadhiri akafunguliwa hakuvunja ahadi, ndugu yangu. Mpime kwa kazi: zahanati aliyoisimamia ilikuwa na dawa? Ada za shule zilionekana zilikokwenda? Ila ukimwona bado anajiandika “Sista” kwenye bango lake la kampeni, una haki ya kumnyima kura, na mimi Mkatoliki nitamnyima pamoja nawe.