Sindano mkononi, chozi dirishani

Nilikuwa nadarizi, nimefika mshono wa 43 kwenye safu ya mishono ya msalaba. Namba hiyo naikumbuka kwa sababu nilikuwa naitamka kwa sauti, kama mtu anayehesabu noti mbele ya mashahidi. Arobaini na tatu, arobaini na... hapo chozi, yule ndege mdogo anayefyonza maji ya maua, akatua kwenye tawi nje ya dirisha, akageuza shingo, jua likampiga kifuani. Nilipomaliza kumtazama sikujua tena niko wapi. Nikakisia. Kesho yake nikagundua nimekosea kwa mishono miwili, na kosa limeshapanda safu tisa juu. Jioni nzima ikaishia kwenye kufumua.

Shangazi aliyenifundisha kudarizi aliponikuta nafumua alisema alichokuwa akisema siku zote: mshika mbili moja humponyoka. Chagua, ama ndege ama sindano. Miaka mingi imepita na bado nazishika zote mbili. Haziponyoki, ilimradi moja uiachie macho na nyingine uiachie vidole. Siku ile chozi hakuwa na kosa lolote. Mimi ndiye niliyetoka na kazi inayotaka kichwa.

Kwa hiyo ukitaka kukaa barazani na kazi ya mkono huku unatazama viumbe wa hapo ulipo, acha ndani kila kinachohesabiwa. Misalaba ya kufuata mchoro wa vyumba vyumba, au kufuma kwa kulabu pambo linalobadilika kila safu, hizo ni kazi za usiku, mlango ukiwa umefungwa. Nje nenda na kitu unachoweza kukiangusha mapajani katikati ya mshono na kukiokota dakika kumi baadaye bila kujiuliza uliishia wapi. Kupiga bandi, ile mishono mirefu ya kushikiza nguo, kunafaa. Kupinda pindo kunafaa. Mshono wa mnyororo unafaa zaidi ya yote, maana kila pete inashikwa na inayofuata, kazi yenyewe inakuonyesha ulipofika. Kujaza jani au ua lililokwisha kuchorwa kwa penseli nako ni kuzuri. Michoro yote mimi naichora usiku. Tena kabla sijatoka natunga nyuzi kwenye sindano tano au sita na kuzichomeka kwenye kipande cha sponji, kwa sababu hakuna kinachokunyang'anya macho kama kutunga uzi. Mnyama wa maana hupita pale pale ulipofumba jicho moja kutafuta tundu la sindano. Ushahidi ninao wa kutosha.

Kuhusu mahali pa kukaa sina mengi. Kama unatumia mkono wa kulia, mwanga utokee kushoto, kivuli cha mkono kisiangukie kitambaa. Jua kali lisipige nyuzi moja kwa moja, litazichujua. Saa mbili za kwanza baada ya jua kuchomoza ndizo zenye ndege wengi, na mwanga wake hauumizi macho. Mkasi uweke chini ya kitambaa, usiuache juu ya meza ukimetameta. Kinachowatisha wanyama ni ile kuinuka ghafla, kunyoosha mkono mrefu, kukunjua shuka. Vidole vinavyokwenda palepale kwa palepale huvizoea. Baada ya siku kadhaa za kukaa kiti kilekile, ndege wadogo kama shorewanda wananipita kama mimi ni mtungi. Kwa kweli hiyo ndiyo faida ya kudarizi ambayo mtazamaji asiye na kazi mkononi haipati: asiye na kazi huchoka kukaa baada ya robo saa, akaanza kujigeuzageuza. Mwenye sindano anakaa saa nzima bila kujua. Macho nayo yanapumzika, kwani madaktari wa macho hushauri anayefanya kazi ya karibu kila dakika 20 atazame kitu kilicho umbali wa mita 6 hivi kwa sekunde 20. Mti wangu uko umbali huohuo. Darubini inakaa shingoni, lakini siku nyingi siigusi.

Jambo moja dogo: mwewe akishuka ghafla utajichoma. Vaa subana, kile kikofia cha kukinga ncha ya kidole. Damu ikidondokea kitambaa, iloweshe mara moja kwa mate yako mwenyewe kisha suuza kwa maji baridi. Maji ya moto yataigandisha doa hapo milele.

Sasa nije kwenye lililonibadilisha. Nilipoamua kumdarizi chozi mwenyewe, nilichukua uzi wa kijani, uzi ung'aao kuliko yote niliyokuwa nayo, nikamjaza kifua kizima. Akatoka kama limao. Nikaenda kumtazama upya, safari hii kama fundi anayepima nguo ya mtu. Nikaona kwamba sehemu kubwa ya muda chozi dume hana kijani chochote. Kivulini ni mweusi tu. Kijani kinawaka akigeuka, kinazimika akigeuka tena, na mahali kinapowaka hapakai palepale. Sababu yake ni kwamba ung'avu ule hautokani na rangi ya kawaida kama ya kitambaa kilichotiwa rangi. Ndani ya unyoya kuna vijichembe vya melanini, ile rangi nyeusi ya asili ya mwili, vilivyopangwa kwa tabaka, na tabaka hizo ndizo zinazorudisha mwanga kwa rangi hii au ile kutegemea umemtazama kwa pembe ipi.

Basi nikafumua (kufumua, utaona, ni nusu ya maisha yangu) nikaanza na giza. Uzi wa kudarizi wa pamba kwa kawaida ni nyuzi 6 zilizolazwa pamoja, unaweza kuzitenganisha na kuzichanganya utakavyo. Kifua nilikijaza kwa nyuzi mbili kwenye sindano moja, mmoja mweusi na mmoja wa bluu iliyokoza. Halafu sehemu moja tu, ndogo kama punje ya mchele, nikabadilisha: mweusi mmoja, kijani kimoja. Katikati ya punje hiyo mishono mitatu ya kijani kitupu. Mishono mitatu! Na ndege akawaka. Pia nilielekeza mishono yote upande yanakolalia manyoya, toka shingoni kushuka, kwa sababu uzi nao hurudisha mwanga kufuatana na ulivyolala. Ukigeuza kitambaa, chozi wangu naye anawaka na kuzimika kidogo.

Tangu hapo nimejiwekea sharti: sidarizi mnyama nisiyemwona kwa macho yangu, wala sitazami picha nikiwa katikati ya kazi. Nikisahau rangi ya miguu, kazi inasimama hadi mwenye miguu arudi. Sharti hili ni la kijeuri, nakubali, na si lazima ulifuate. Malkia Mary wa Skotlandi, aliyeshikiliwa Uingereza kuanzia 1568 mpaka alipouawa 1587, alidarizi wanyama wengi sana katika kifungo hicho, na wengi walinakiliwa kutoka picha za vitabuni. Mmoja wao ni tukani, ndege wa Amerika mwenye mdomo kama mkungu wa ndizi, ambaye bila shaka hakupata kupita dirishani kwake. Yeye hakuwa na hiari. Wewe na mimi tuna dirisha lililo wazi.

Kama una bahati ya kuwa na mnana, ndege anayefuma kiota chake kwa nyasi, karibu, usitazame kingine kwa wiki nzima. Yule ndiye fundi mwenzetu. Dume anang'ata ukingo wa jani refu la nyasi, anaruka akiwa amelishika, na jani linachanika ukanda mrefu mwembamba, sawa kabisa na unavyochana kitambaa kwa kufuata uzi wake. Anaufunga ukanda huo kwenye tawi kwa fundo la kweli, akiushikilia kwa mguu huku mdomo ukipitisha ncha ndani ya kitanzi na kuivuta. Kwanza anatengeneza pete ya kusimamia, kisha anajenga chumba kuizunguka pete, akifikia hadi pale mdomo wake unapofika. Mwili wake ndio futi yake. Akimaliza ananing'inia chini ya mlango, anapigapiga mabawa kumwita jike. Jike anaingia, anavutavuta kuta. Akiondoka bila kuridhika na siku zikapita, majani yanakauka na kuwa ya kahawia, na dume anashusha kiota kizima, ukanda kwa ukanda, aanze kingine kibichi. Madume wachanga viota vyao vya mwanzo ni aibu tupu, matundu kila upande, nyasi zimechomoza kama nywele za mtu aliyetoka usingizini. Siku niliyomtazama mmoja wao akihangaika na fundo lilelile asubuhi nzima nilijisamehe mengi.

Hata lugha yetu iliziona nguo na ndege pamoja zamani. Kanga ni yule wa madoa anayekimbia porini, na kanga ni ile ya kujifunga, na wengi husimulia kwamba nguo iliazima jina la ndege kwa sababu ya madoa.

Lakini kuna sehemu moja ambapo hobi hizi mbili hazipaswi kukutana kabisa, na hapa nasema kwa uchungu. Msimu mmoja nilikusanya mabaki ya nyuzi zangu, vipande vya urefu wa kiganja mpaka mkono, nikavitundika kwenye ua ili ndege wapate vya kujengea. Nilijiona mwema. Walivichukua kweli, nikafurahi kuona uzi wangu mwekundu umesokotwa kwenye kiota kilichokuwa juu ya tawi la chini. Wiki chache baadaye nikaona kinda ananing'inia nje ya kiota kwa mguu mmoja. Nilidhani anacheza. Nilipopanda na mkasi wa kudarizi nilikuta uzi umezunguka mguu mara mbili, mguu umevimba pande zote mbili za uzi na kubadilika rangi. Niliukata. Kinda alikuwa ameshakufa.

Nyasi hukatika kinda akivuta, na uzi wa pamba au wa nailoni haukatiki. Mguu unakua, kitanzi hakikui. Tangu siku hiyo mabaki yote, hata ya urefu wa ukucha, yanaingia kwenye chupa yenye kifuniko inayokaa karibu na kiti changu, na kabla sijaingia ndani nakagua sakafu. Ikijaa, mabaki yanakwenda kujaza mto wa kuchomekea pini. Ukitaka kuwasaidia wajenzi, acha kona moja ya ua na nyasi ndefu, acha majani makavu chini ya mti, na uwe mvivu kidogo na fagio la utando wa buibui. Chozi huushikamanisha kiota chake kwa utando huo. Na ongeza sahani ya maji yenye kina cha vidole viwili, mbali na kichaka ambacho paka anaweza kujibanza, ukiibadilisha maji kila siku mbu wasije wakazaliana humo.

Sasa hivi nina kitambaa cha mwaka, kazi ninayoipenda kuliko zote nilizowahi kuanza. Ni kipande cha merikani, kitambaa cheupe cha pamba, nilichokigawa miraba 12, kila mwezi na wake. Kila siku natia alama ya niliyemwona. Njiwa ni kifundo kimoja cha kijivu, chozi ni mishono mitatu ya kijani, kereng'ende ni msalaba mwembamba wa uzi mmoja wa bluu, mjusi ni mkia tu. Siku ambayo sikuona kitu natia mshono mmoja mweupe juu ya kitambaa cheupe. Hauonekani, lakini ukipitisha kidole unaupata. Haichukui zaidi ya dakika tano, na siku nyingine ndiyo kazi pekee ya sindano niliyofanya.

Mwezi wa tatu nilianza kuona mambo ambayo daftari halikunionyesha. Kijani kilikuwa kimejikusanya kwenye wiki mbili tu, na wiki hizo ndizo mtambaa wa ukutani ulipokuwa na maua. Vifundo vya kijivu vilitapakaa mwezi mzima, kisha siku nne bila hata kimoja, nami nikakumbuka mwewe aliyekuwa akikaa juu ya nguzo siku hizohizo. Mwezi wa tano una eneo jeupe ambalo kwa jicho ni tupu, ila kidole kinasema nilikaa pale siku sita nikisubiri.

Mwezi wa saba yupo kindi. Alikuja asubuhi moja, akakaa juu ya ukuta akitafuna kitu kwa mikono miwili, nami nikamtazama mashavu, masikio, vidole, kila kitu. Nikaanza kumdarizi siku hiyohiyo, nikafika mgongoni, nikagundua sikuutazama mkia: aliukunja juu ya mgongo au aliuachia chini? Ncha zake zilikuwa nyeupe au nilizua mimi? Leo ni mwezi wa tisa na sindano yenye uzi wa kahawia bado imechomekwa kwenye sponji. Kindi wangu hana mkia.