"Kaka, Data Ninayo, Nisaidie Kuchambua Tu"

Hiyo ndiyo sentensi ninayoisikia kuliko zote tangu nianze kazi ya uchambuzi wa takwimu hapa Dodoma. Wanaokuja ni wa aina tatu. Kuna wa afya, wenye fomu za wagonjwa. Kuna wa sayansi, wenye chupa za maji na vifuko vya udongo. Na kuna wa uongozi wa biashara, wenye rundo la dodoso limefungwa kwa mpira. Kila kundi linaamini lina shida zake ambazo wengine hawazijui. Mimi ninayewaona wote kwenye meza moja nakwambia shida yao ni moja: wamekwenda kupima kabla ya kukaa chini na kuamua wanapima nini.

Ronald Fisher, mmoja wa walioijenga takwimu ya leo, aliwaambia wanatakwimu waliokutana India mwaka 1938 kwamba kumwita mwanatakwimu baada ya jaribio kwisha ni sawa na kumwomba aikague maiti. Labda atakwambia ilikufa kwa nini. Basi makala hii ni kwa ajili ya ambao mgonjwa wao bado anapumua, yaani hamjaenda uwandani.

Nianze na mahindi, kwa sababu huku kwetu mahindi yanawakutanisha watafiti wote watatu. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na fangasi wa nafaka, iliwapata watu wa Dodoma na Manyara. Waliougua walikuwa 68, na 20 kati yao walifariki. Tangu hapo mada hiyo haijapoa. Mtu wa afya anataka kujua nani alikula nini. Mtu wa kemia anataka kujua sumu ni kiasi gani. Wa biashara anauliza kama mkulima yuko tayari kununua mifuko ya kinga njaa, ile isiyopitisha hewa, au ataendelea na kiroba cha kawaida. Maswali yote ni mazuri, ila yote yanasimama juu ya sampuli ya mahindi, na hapo ndipo kazi nyingi zinapoharibika.

Mwanafunzi anafika kwenye kaya, anafungua gunia, anachota kiganja cha juu, anatia kwenye mfuko wa nailoni na kuandika namba. Kwisha. Sasa fikiria kidogo. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Afrika Mashariki kwa mahindi ni mikrogramu 10 za aflatoksini, ndiyo sumukuvu yenyewe, kwa kilo, na kwa ile aina kali ya B1 ni mikrogramu 5. Mikrogramu 10 kwa kilo ni kama gramu moja ndani ya tani mia moja. Tena fangasi hawa hawasambai sawasawa. Punje chache zinaweza kubeba karibu sumu yote ya gunia huku jirani zake zikiwa safi kabisa. Kiganja chako cha juu kinaweza kukuletea sifuri kwenye gunia la hatari, au kikakuletea namba ya kutisha kwenye gunia ambalo lingine lote ni zima.

Kwa hiyo azima bambo, lile wanalotumia wanunuzi wa nafaka. Choma juu, katikati na chini, na kama kaya ina magunia kadhaa yachome yote. Changanya ulichopata, usage chote kiwe unga, ndipo uchukue kidogo cha kupima. Watu wanagombana na maabara kuhusu mashine ilhali kosa kubwa kwa kawaida lilishatokea kwenye gunia. Pima na unyevu palepale, kwa sababu mahindi yaliyozidi asilimia 13.5 yanampa fangasi nafasi ya kuendelea na kazi yake ndani ya kifuko chako ukiwa safarini. Ndiyo maana mahindi mabichi usiyatie kwenye nailoni. Tumia karatasi, na uyafikishe haraka.

Ukiwa hapohapo kwenye gunia, mtu wa biashara naye asogee. Nimeona dodoso nyingi zimeandikwa "Ulivuna magunia mangapi?" na mkulima akajibu kumi na mbili, na mtafiti akazidisha kwa mia akapata kilo. Gunia lipi? Anayekwenda soko la Kibaigwa anajua kuna gunia na kuna lumbesa, ile iliyovimba juu na kushonwa kwa kamba. Lumbesa imepigwa marufuku, lakini marufuku haijaifuta shambani. Wapo pia wanaohesabu kwa debe, na debe lenyewe kuna la kufuta usawa wa mdomo na la kujaza hadi kilima. Nunua mzani wa kuning'iniza, upime magunia machache katika kila kijiji, upate wastani wa hapo. Na usiulize bei bila kuuliza mwezi. Gunia la Juni, mavuno yakiwa yamejaa kila nyumba, na gunia la Februari, watu wakiwa wanapalilia na ghala limebaki vumbi, ni bidhaa mbili tofauti. Ukikusanya nusu ya data Juni na nusu Februari halafu ukaniambia wakulima wa Kongwa wana kipato kikubwa kuliko wa Bahi, nitakuuliza ulikwenda wapi kwanza.

Sasa maji. Floraidi, madini ambayo yakizidi kwenye maji huharibu meno, ni mada inayopendwa kwa visima vya kanda ya kati, na ni halali ipendwe. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi ilivumilia kiwango cha juu zaidi ya hapo kwa maji ya vijijini, kwa hiyo kisima kilichoandikwa kuwa salama kwenye ripoti ya zamani kinaweza kisipite leo. Soma namba, usisome hukumu. Beba chupa za plastiki, si za kioo. Ukipima kwa elektrodi, hakikisha sampuli na miyeyusho ya kulinganishia imetiwa bafa ileile na iko kwenye jotoridi moja. Hayo mtu wa kemia anayajua.

Asilolijua mara nyingi ni upande wa meno. Mada huwa hivi: pima floraidi ya kisima, kagua meno ya wanaokitumia, tafuta uhusiano. Inaonekana safi. Lakini madoa ya kahawia kwenye meno hayatokani na maji unayokunywa leo. Yanatokana na maji uliyokunywa meno ya ukubwani yakiwa bado yanajijenga ndani ya fizi, yaani kuanzia uchanga hadi kama miaka minane hivi. Na Dodoma ya sasa imejaa wageni, hasa baada ya serikali kuanza kuhamia kwa kasi mwaka 2016. Unamkuta baba wa miaka arobaini Nkuhungu, anakunywa maji ya bomba, meno yamebadilika rangi, kumbe kakulia chini ya Mlima Meru, kwenye maji yenye floraidi nyingi. Ukimwingiza kwenye jedwali, maji ya Nkuhungu yanabeba lawama isiyo yao. Pembeni yake yuko mama aliyekuja kuolewa Chemba akitokea Tabora, meno meupe, kisima kikali. Huyo naye anakisafisha kisima bila kujua.

Nilimwambia hivyo binti mmoja wa shahada ya uzamili aliyekuwa bado hajatoka kwenda uwandani. Akakaa kimya, kisha akasema, "Kwa hiyo kaka, swali langu la kwanza liwe 'ulizaliwa wapi'?" Nikamwambia la kwanza na la pili: ulizaliwa wapi, na hadi unaanza shule mlikuwa mnachota wapi. Akabadilisha kabisa walengwa, akachukua watoto wa miaka kumi na miwili shuleni, waliozaliwa palepale, akawauliza wazazi kuhusu kisima cha zamani. Sampuli ilipungua, lakini alichopata kilisomeka.

Presha nitaipita haraka. Usimpime mtu aliyetoka kutembea juani kutoka stendi. Mkalishe kama dakika tano, mkanda uendane na unene wa mkono wake, upime mara tatu, na wengi hutumia wastani wa mbili za mwisho. Kama umepima mara moja na mtu amesimama, andika hivyo kwenye tasnifu yako, na ukubali maswali.

Tuje kwenye Yamane, ile fomula ya kukokotoa ukubwa wa sampuli. Sijui nani alituroga. Tasnifu kumi zikiletwa mezani, nyingi zina fomula ileile: idadi ya watu gawanya kwa moja jumlisha idadi ya watu mara mraba wa 0.05. Kwa sensa ya 2022 mkoa wa Dodoma una watu 3,085,625. Weka kwenye fomula, unapata 400. Weka kijiji cha watu 2,000, unapata 333. Weka nchi nzima, 400 tena. Fomula si mbaya, ina kazi yake: kukadiria asilimia moja ya kitu kimoja, ukiwa umewachagua watu mmojammoja kwa bahati nasibu kutoka orodha kamili. Wewe hukufanya hivyo. Wewe ulichagua vijiji vinne, ukaingia kila kijiji ukapata watu mia. Watu wa kijiji kimoja wanachota kisima kimoja, wanauza kwa dalali mmoja na wanatibiwa zahanati moja, kwa hiyo wanafanana, na mia yao haina uzito wa watu mia waliotawanyika. Na kama unalinganisha makundi mawili, wenye mifuko ya kinga njaa na wasio nayo, hesabu inayotakiwa ni nyingine kabisa: inategemea tofauti unayotarajia kuiona. Hilo ndilo swali la kumpelekea mtu wa takwimu mapema, na kulijibu huchukua muda wa kikombe kimoja cha chai.

Wa biashara wana ugonjwa wao mmoja zaidi, nao ni dodoso la maswali sitini ya "nakubaliana kabisa" hadi "sikubaliani kabisa". Unampelekea mwenye duka pale soko la Majengo, wateja wamejipanga, kijana wake kaenda kula. Anazungusha nne, nne, nne hadi mwisho, anakurudishia na tabasamu. Jirani yake anazungusha tatu tupu. Baadaye unaniletea alfa ya Cronbach, namba inayoonyesha majibu ya maswali yanavyokwenda pamoja, ya 0.93 na kufurahi kwamba kipimo kinaaminika. Kinaaminika vipi, wakati kila mtu amejibu swali moja mara sitini? Punguza maswali. Geuza mengine yawe ya vitu alivyovifanya: wiki iliyopita ulikopesha wateja wangapi, daftari la mauzo uliliandika lini mara ya mwisho, naweza kuliona? Mwenye duka hulijibu swali la namna hiyo akiwa anapima sukari.

Kuna jambo linalonishangaza. Tunakimbilia kukusanya data mpya hata pale ambapo iliyopo ni bora kuliko tutakayoipata. Chukua maji ya chini ya ardhi ya Makutupora, yanayonywesha jiji hili. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti uliotumia vipimo vya kina cha maji vya miaka 55 kutoka hapo. Ulionyesha kwamba maji yale hujazwa zaidi na misimu michache ya mvua kubwa sana, mingi yake ikihusiana na El Niño, siyo na mvua za kila mwaka kidogokidogo. Nani angeliona hilo kwa miezi mitatu ya masta? Kumbukumbu zile zilikusanywa na watumishi waliokuwa wanakwenda kisimani na kuandika. Kabla ya kuomba hela ya mafuta, waulize watu wa bonde la maji, Mamlaka ya Hali ya Hewa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu ambayo makao yake yako hapahapa mjini. Kwa afya, kuna utafiti wa taifa wa demografia na afya wa 2022, ambao data yake unaweza kuiomba mtandaoni. Tasnifu ya data ya wengine iliyochambuliwa vizuri haina aibu yoyote.

Vibali usivichukulie kama karatasi za kupitia tu. Kama unagusa binadamu au kumbukumbu za wagonjwa, kamati ya maadili inakuja kwanza, na inachukua muda. Ndipo barua ya chuo, mkoa, wilaya, kata, hadi mtendaji wa kijiji. Mtendaji mpigie simu kabla, umwamkie kama mtu mzima anavyoamkiwa, umuulize siku ya mnada na siku ya mkutano wa kijiji, maana siku ya mnada hutamkuta mtu nyumbani.

Ukimaliza utaanza kupokea barua pepe za majarida. Moja litakwambia linachapisha afya, fizikia na uongozi wa biashara ndani ya jalada moja, majibu siku tatu, lipia sasa. Upana wenyewe si kosa. Yapo majarida mapana yanayoheshimika, na makala yako ya mahindi huenda inalihitaji mojawapo. Cha kutiliwa shaka ni hizo siku tatu. Hakuna anayesoma mbinu zako na kuzihakiki kwa siku tatu. Namba ya ISSN nayo haithibitishi ubora, ni usajili tu. Litafute kwenye DOAJ, orodha ya majarida ya kusomwa bure, au AJOL, hazina ya mtandaoni ya majarida ya Afrika, soma makala mbili za fani yako walizochapisha, uone kama zina kasoro ambazo msimamizi wako asingezivumilia. Na kuhusu ada, wachapishaji wengi wa kweli wana msamaha au punguzo kwa waandishi wa nchi zetu, lakini waandikie kabla ya kutuma, maana wengine hawapokei ombi hilo makala ikishapitishwa.