Anza na sampuli, resini itafuata

Katika kutenganisha protini kwa resini, yaani chembe zenye chaji zinazozinasa, wageni wengi wa maabara huanza kwa kuuliza wachukue resini ya DEAE au ya CM. Jibu halipo kwenye kopo la resini, lipo kwenye sampuli. Tafuta kwanza pI ya protini unayoitaka, yaani pH ambayo chaji zake hasi na chanya zinalingana. Bafa (mmumunyo unaoshikilia pH) ikiwa na pH ya chini ya hapo, protini inakuwa chanya na kunasa kwenye CM au SP, resini zenye chaji hasi. Ikiwa juu, inakuwa hasi na kunasa kwenye DEAE au Q, zenye chaji chanya. Kaa mbali na pI kwa angalau pH moja, la sivyo itashika nusunusu na kuvuja muda wote.

Chukua ute wa yai. Lisozaimu ina pI karibu 11, ovalbumini karibu 4.5. Kwenye pH 7 moja ni chanya, nyingine hasi, kwa hiyo resini zote mbili zingezitenganisha. Lakini ovalbumini ni zaidi ya nusu ya protini za ute, na lisozaimu ni asilimia 3 hadi 4 tu. Nikitaka lisozaimu, mimi huchukua CM: nainasa ile chache, ile nyingi ijipitie. Kwa DEAE utajaza resini kwa kitu usichokihitaji.

Bafa nayo ina chaji. Fosfeti ni hasi, itagombania nafasi kwenye DEAE; ipeleke kwenye CM, milimola 20 yatosha. DEAE na Q zipe Tris, bafa ambayo chaji yake ni chanya. Ila Tris ina vituko: ukiiweka pH 8.0 kwenye nyuzi 25 kisha ukaiingiza chumba cha baridi cha nyuzi 4, hupanda hadi karibu 8.6. Ipime palepale utakapofanyia kazi.

Sampuli yenye chumvi nyingi hainasi, izimue kwanza.

Kabla ya kujaza safu (bomba la resini), jaribu kwenye vijichupa: resini kidogo, bafa za pH tofauti, sampuli, tikisa, acha itue, pima maji ya juu. Kwa lisozaimu, ambayo huvunja kuta za bakteria, tia tone la maji hayo ya juu kwenye maji yenye ukungu wa bakteria wa Micrococcus. Ukungu ukianza kutoweka, lisozaimu haijanasa yote.

Kuitoa kwenye resini, pandisha NaCl (chumvi) taratibu, usiimimine yote kwa mkupuo, zisije zikatoka protini nyingine pamoja nayo. Avidini, protini nyingine ya ute yenye pI karibu 10, nayo imenasa humo humo.