Fedha za mradi zimeingia shuleni: pima kwanza, nunua baadaye

Mwaka 2021 Tanzania ilipata mkopo wa dola milioni 567.25 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, zile ambazo mitaani ziliitwa fedha za UVIKO-19. Sehemu yake ilijenga madarasa 15,000: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi (shule ndogo zilizo chini ya shule mama), kila darasa shilingi milioni 20. Kisiwani Ukerewe, ambako simenti hupanda kivuko, milioni 20. Jirani na kiwanda cha Wazo jijini Dar es Salaam, milioni 20. Kiasi kimoja kwa wote ni rahisi kukigawa na rahisi kukitangaza, lakini kiwanja hakijui tangazo.

Kwa hiyo kama wewe ni mjumbe wa kamati ya ujenzi, mwalimu mkuu, mganga mfawidhi wa zahanati au mtendaji wa kijiji, na mradi wako unajengwa kwa fosi akaunti (yaani bila mkandarasi, jamii inanunua vifaa na fundi analipwa ufundi wake), jua kwamba hatima ya fedha ile huamuliwa kabla ya mfuko wa kwanza wa simenti kushushwa. Wizi upo, hakuna anayekataa. Ila miradi mingi inayokwama kwenye lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha) haikuibiwa; ilianza bila kupimwa.

Barua na kamati

Fedha haiji peke yake. Huja na barua ya maelekezo inayosema ni ya nini, vyumba vingapi, ramani ipi na ikamilike lini. Isomwe mbele ya kamati nzima, neno kwa neno, na nakala ibaki shuleni. Kama barua inasema madarasa mawili, usijenge darasa moja na choo, hata kama choo ndicho kinachohitajika zaidi. Kubadilisha matumizi kunahitaji kibali cha maandishi kupitia kwa mkurugenzi wa halmashauri, na bila kibali hicho jengo zuri kabisa linageuka hoja ya ukaguzi.

Kamati huwa tatu: ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Maana ya kuwa tatu ni kwamba anayenunua asiwe ndiye anayepokea. Hapa ndipo penye ujanja wa kawaida: mwalimu mkuu anajikuta yumo kwenye zote, wajumbe wengine wanasaini tu mwisho wa wiki. Na mwenye duka la vifaa asiwekwe kwenye kamati ya manunuzi, hata kama ndiye pekee kijijini anayezijua bei.

Kiwanja kinaweza kula bajeti yote

Ramani inayotolewa huchorwa kana kwamba ardhi yote ni tambarare. Kabla ya kuchimba, mwite mhandisi wa halmashauri, na hata kabla hajafika, chukueni mpira wa maji unaoonyesha ndani, simamisheni vijiti kwenye pembe nne za jengo na mpime tofauti ya kimo.

Tuchukue madarasa mawili ya mita 9 kwa 7 yaliyoshikana. Kuta za nje ni mita 50, ukuta wa katikati mita 7, jumla 57. Ikiwa upande mmoja uko chini ya mwingine kwa mita moja, kwa wastani msingi utapanda nusu mita zaidi ya ramani. Hiyo ni mita za mraba 28.5 za ukuta wa ziada, takribani tofali 285, pamoja na simenti na mchanga wa kuzijengea. Nusu mita ile ile ndani ya jengo lazima ijazwe: 18 kwa 7 kwa 0.5 ni mita za ujazo 63 za kifusi, na kikishashindiliwa kitapungua, kwa hiyo agiza robo zaidi. Kwa lori la mita za ujazo 5 hizo ni tripu zisizopungua 16. Kifusi ndicho kinachosahaulika kuliko kitu kingine chochote kwenye BOQ, yaani orodha ya vifaa na kazi pamoja na gharama zake. Tena kikipungua, mafundi hujaza udongo wa juu wenye majani, na sakafu inapasuka kabla ya mwaka kwisha.

Ukiwa na hesabu hiyo mkononi una njia tatu: kusogeza jengo mahali pengine ndani ya eneo la shule, kuligeuza ili urefu wake ufuate kontua (mstari wa ardhi yenye kimo kimoja), au kuiandikia halmashauri mapema kwamba fedha haitatosha na ni kwa kiasi gani. Barua iliyoandikwa msingi haujachimbwa ina uzito. Ikiandikwa boma likiwa limesimama bila paa, inasomeka kama utetezi.

Vipimo ambavyo muuzaji hatakupa

Usipokee makadirio ya fundi bila kuyarudia mwenyewe. Zege la 1:2:4 (simenti sehemu moja, mchanga mbili, kokoto nne) linakula mifuko 6.3 ya kilo 50 kwa kila mita ya ujazo, mchanga mita za ujazo 0.44 na kokoto mita za ujazo 0.88. Jamvi (zege la sakafu) la darasa moja la mita 9 kwa 7, unene sentimita 10, ni mita za ujazo 6.3, kwa hiyo mifuko 40, na ukiongeza ya kumwagika, 42. Fundi akikuandikia mifuko 60, mwambie akuonyeshe mingine inaenda wapi. Akikuandikia 25, usifurahi: anapanga zege jembamba au mchanganyiko mwepesi.

Si simenti zote zinafanya kazi moja. Mfuko wa 42.5 na wa 32.5 (namba hizo ni daraja la nguvu) yote ina kilo 50, lakini jamvi, lenta na nguzo zinataka 42.5, ya 32.5 inatosha kujengea na kupiga lipu. Maji nayo ni kipimo: mfuko mmoja hauzidi ndoo ya lita 20 na robo yake, na mchanga ukiwa mbichi punguza. Mafundi hupenda zege lenye maji mengi kwa sababu linasukumika bila jasho, na likikauka linabaki na vitundu.

Mchanga na kokoto huuzwa kwa tripu, na tripu si kipimo. Pima bodi la lori kwa ndani siku ya kwanza: urefu mita 3.6, upana 2 na kimo 0.7 ni mita za ujazo 5. Andika namba ya gari na ujazo wake, lipia mita za ujazo, na mzigo usawazishwe kwa koleo kabla ya kushushwa. Kumbuka pia kwamba mchanga wenye unyevu huvimba. Unaweza kuongezeka robo ya ujazo wake bila chembe moja kuongezeka.

Nondo zipimwe kwa mizani. Kanuni ni nyepesi: kipenyo kwa milimita, zidisha kwa chenyewe, gawanya kwa 162, unapata kilo kwa mita. Nondo ya milimita 12 ni kilo 0.89 kwa mita, kwa hiyo ya mita 12 ina kilo 10.7 hivi. Ya milimita 10 ina 7.4, ya 16 inakaribia 19. Tofauti ndogo ya kiwandani inavumilika. Lakini nondo kumi za milimita 12 zikileta kilo 90 badala ya 107, umeuziwa nondo nyembamba kwa jina la nene, na kamati ya mapokezi inatakiwa kuzirudisha siku hiyo hiyo, kabla hazijakatwa. Mabati nayo: geji 28 ina unene wa karibu milimita 0.38, geji 30 karibu 0.32. Kwa jicho huwezi kuzitofautisha. Kipimo kidogo cha unene kinapatikana kwa mafundi wa karakana, na maandishi yaliyochapwa kwenye bati si ushahidi.

Zabuni, risiti na kodi

Kwa Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya 2023, manunuzi hupitia NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao, na haya ya fosi akaunti hayakuachwa. Maana yake kwa shule ya kijijini: fundi wako na muuzaji wako wawe wamesajiliwa humo kabla hujawahitaji. Anzeni kuwasaidia kujisajili wiki ambayo fedha imetangazwa, hata kama haijaingia. Wengi husubiri, halafu mfumo unasumbua, mtandao hakuna, siku zinakwenda, kisha mtu anashauri vifaa vichukuliwe kwanza kwa mali kauli na nyaraka zifuatwe baadaye. Huo ni ununuzi uliofanyika kabla ya kibali, na mkaguzi huuona kwa kulinganisha tarehe mbili tu.

Usivunje ununuzi mmoja vipande ili kila kipande kionekane kidogo. Mahitaji ya simenti ya jengo zima yaandikwe mara moja, kisha mkataba useme itapelekwa kwa awamu.

Muuzaji wa bidhaa kwa serikali hukatwa asilimia 2 ya zuio la kodi ya mapato wakati wa kulipwa. Asipoambiwa mapema atadai umemdhulumu na kugoma kuleta mzigo wa pili, kwa hiyo liandikwe kwenye mwaliko wa bei. Risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi) ifike pamoja na malipo. Ukiahidiwa kuletewa kesho, hesabu kwamba hutaiona.

Mkataba wa fundi

Fundi alipwe kwa hatua zinazoonekana kwa macho: msingi na jamvi, boma hadi lenta, kupaua, lipu na sakafu, milango na rangi. Kila hatua iandikiwe kiasi chake, na mhandisi athibitishe kabla ya malipo. Tatizo kubwa hapa ni kupanga hatua za mwanzo ziwe nono. Fundi akishapokea sehemu kubwa ya fedha wakati wa kupaua, kazi iliyobaki (lipu, madirisha, rangi) haimlipi tena, naye amepata kazi kijiji cha pili. Hakikisha hatua mbili za mwisho zina fedha ya kumfanya arudi, na zuia asilimia 5 hadi 10 ya jumla kwa miezi kadhaa hadi mvua ipige paa na nyufa zionekane. Mkataba useme pia nani anamwagilia zege na kuta, na kwa siku ngapi. Siku 7 ni za chini. Kama haikuandikwa, hakuna atakayemwagilia, hasa pale maji yanapochotwa mbali.

Stoo

Kamati ya mapokezi ihesabu mzigo ukiwa unashuka, si ukiwa umepangwa. Kila kitu kiingie kwenye leja, na kila asubuhi fundi asaini alichochukua. Baadhi ya shule huhesabu mifuko mitupu jioni kama ushahidi wa matumizi. Ni afadhali kuliko kukosa, ila mfuko mtupu unanunulika. Ushahidi wa kweli ni kulinganisha leja na vipimo: jamvi limemwagwa, leja inasema mifuko 58, hesabu inasema 42, basi kuna maswali ya kuulizwa leo.

Simenti isinunuliwe yote kwa mkupuo. Ikikaa miezi mitatu kwenye chumba chenye unyevu imepoteza nguvu nyingi, na mabonge yake si ya kupondwa na kurudishwa kazini. Mabati na nondo vinaweza kuagizwa mapema, maana haviharibiki upesi kama simenti na bei yake huchemka miradi mingi inapoanza wiki moja.

Nguvu za wananchi

BOQ ikihesabu mawe, maji na mchanga kama mchango wa wananchi, hiyo ni fedha ambayo haimo kwenye akaunti. Ahadi ya mkutano iandikwe kwa kitongoji, kwa kiasi na kwa tarehe, na thamani yake iingie kwenye taarifa. Angalieni na msimu: ukipanga watu wabebe mawe wakati wa kupanda, watachagua shamba, na wana haki.

Juni 30

Mwaka wa fedha huanza Julai 1 na kufungwa Juni 30, na fedha nyingi za maendeleo huchelewa kushuka. Ikiingia Machi, una miezi minne, na katika maeneo ya masika mvua inakula miwili. Ukiona hutamaliza, mkurugenzi ajulishwe mapema, Mei isipite, ili aombe Hazina kibali cha kuendelea kutumia bakaa (fedha iliyosalia) baada ya mwaka kufungwa.

Njia ya mkato ambayo wengi huikimbilia wiki ya mwisho ya Juni ni kumlipa muuzaji kila kitu, vifaa vikae dukani kwake hadi vitakapohitajika. Hapo umelipia kitu usichokipokea, kamati ya mapokezi imesaini uongo, na bei ikipanda Agosti muuzaji ataleta pungufu au ataleta nondo nyembamba. Kama hakuna namna, vifaa vihamie stoo ya shule siku ya malipo, vihesabiwe na vifungiwe.

Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila miezi mitatu. Mapato na matumizi ya mradi yasomwe pale na yabandikwe ubaoni, pamoja na vipimo: mifuko mingapi, nondo ngapi, zimebaki ngapi. Mwanakijiji aliyeshusha simenti kwa mabega yake ataijua hesabu isiyokaa sawa kabla ya mkaguzi yeyote. Faili nalo lisingoje mtu wa Ofisi ya CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) apige simu. Barua ya maelekezo, muhtasari wa vikao, ulinganisho wa bei, mikataba, hati za mapokezi, leja, vyeti vya mhandisi na risiti vipangwe kwa tarehe kadiri vinavyopatikana. Muhtasari ulioandikwa siku moja kwa vikao sita hutambulika: kalamu moja, mwandiko mmoja, wajumbe walewale wasiowahi kuugua.

Na jengo likikamilika fedha ikabaki, usikimbilie kununua madawati au kuvuta umeme kwa sababu tu vinahitajika. Mwombe mkurugenzi kwa barua, ukiambatisha taarifa ya umaliziaji na salio la benki, na usubiri jibu la maandishi.